Je, Urusi itawahi tena kuwa na manowari ya kubeba ndege baada ya Admiral Kuznetsov?

#1 Mwana_wa_Pwani

Wanajukwaa, salaam.

Mwezi Julai 2025 Andrei Kostin, mkuu wa benki ya VTB ambayo tangu 2023 ndiyo inayosimamia shirika la serikali ya Urusi la kujenga meli, alisema hadharani kwamba haoni tena maana ya kuendelea kuikarabati Admiral Kuznetsov, na kwamba huenda meli hiyo ikauzwa au ikakatwa. Hiyo ndiyo manowari pekee ya kubeba ndege ambayo Urusi inayo, na haijasafiri tangu ilipoingia matengenezoni Murmansk mwaka 2017.

Dai langu ni hili: meli hiyo haikufa kwa uzee. Iliuawa na ile safari ya Syria ya mwaka 2016, ambako ndege zake mbili zilidunguliwa, wakubwa wakaona aibu, na tangu hapo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitetea. Sasa nauliza: je, huu ndio mwisho wa ndege za kivita za Urusi zinazoruka kutoka sitahani, au tutaona meli nyingine ikijengwa?

#2 Bi_Rukia

Mleta mada, tuanze kwa kuweka kumbukumbu sawa. Hakuna ndege ya Kuznetsov iliyodunguliwa Syria. Ya kwanza, MiG-29, ilianguka baharini mwezi Novemba 2016 baada ya kebo za kunasia ndege sitahani kupata hitilafu, rubani akabaki akizunguka angani akisubiri zitengenezwe hadi ndege ikashindwa kuendelea kuruka. Wiki chache baadaye Su-33 ilitua, kebo ikakatika, nayo ikapitiliza na kutumbukia. Marubani wote wawili waliokolewa. Baada ya hapo sehemu kubwa ya ndege zilihamishiwa uwanja wa Hmeimim nchi kavu, zikaendelea na kazi kutoka huko.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu linabadilisha swali lako lote. Ndege iliyodunguliwa ni habari ya adui, lakini ndege iliyopotea kwa kebo ni habari ya matengenezo, mafunzo na mazoea ya kazi. Tena haikuwa mara ya kwanza, kwa kuwa mwaka 2005 Su-33 nyingine ilipotea kwa namna hiyo hiyo katika Bahari ya Atlantiki.

#3 Fundi_Boila

Nakubaliana na Bi Rukia, ila naona nyote mnaangalia sitahani wakati ugonjwa uko chini, chumba cha mitambo.

Nimefanya kazi miaka mingi kama fundi katika meli za mizigo, na meli yangu ya kwanza kabisa ilikuwa ya mvuke, inayochoma mafuta mazito kwenye boila. Kuznetsov ina boila 8 za namna hiyo zinazolisha injini 4 za mvuke. Mafuta hayo lazima yapashwe moto ndipo yatiririke, maji ya boila lazima yasafishwe mno, na mabomba yakianza kuoza kwa ndani hakuna rangi ya nje itakayoficha hilo. Ule moshi mweusi ambao dunia nzima iliuona meli ilipopita mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa Oktoba 2016 ni dalili ya mafuta yasiyoungua vizuri. Ndiyo maana meli hiyo haikuwa ikisafiri mbali bila boti ya kuivuta kufuatana nayo.

Jambo jingine ambalo watu wa nje ya fani hawalijui ni kwamba meli ya aina hii haipumziki inapokuwa bandarini. Bandari isipoweza kuipa umeme na mvuke wa kutosha, boila zinaendelea kuwashwa usiku na mchana ili wanamaji wasigande kwa baridi. Minsk na Novorossiysk, zilizokuwa Bahari ya Pasifiki enzi za Wasovieti, zilichakaa mapema kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo mleta mada anapotaja umri wa meli, ahesabu saa za boila badala ya maili za safari.

#4 Mzee_wa_Mykolaiv

Vijana, nawashukuru kwa mjadala wenye adabu.

Nilisoma uhandisi wa meli katika mji wa Nikolaev, ambao leo unaitwa Mykolaiv na uko Ukraine, mwishoni mwa miaka ya 1980. Kiwanda cha Bahari Nyeusi kilikuwa pale, na sisi wanafunzi wa kigeni tulikiona kwa mbali tu, kreni zake mbili kubwa zikiwa juu ya mji mzima. Meli zote za Kisovieti zilizobeba ndege za kivita zilitoka pale: Kiev, Minsk, Novorossiysk, Baku, kisha Kuznetsov yenyewe, ambayo ilianza kujengwa mwaka 1982 na kushushwa majini mwaka 1985. Kabla ya kupewa jina la sasa iliitwa Riga, kisha Leonid Brezhnev, kisha Tbilisi, na mtu anayeijua historia ya miaka ile ataona jinsi siasa zilivyokuwa zikipanda na kushuka juu ya chuma kile kile.

Baada yake ilifuata Varyag, na mwezi Novemba 1988 ikaanza kujengwa Ulyanovsk, ambayo ingekuwa ya nyuklia na yenye mitambo ya kurushia ndege kama za Wamarekani. Umoja wa Kisovieti ukavunjika mwaka 1991. Ulyanovsk ilikatwakatwa kuanzia 1992 ikiwa haijafika hata nusu. Varyag iliuzwa mwaka 1998 kwa dola milioni 20, ikavutwa hadi China, na mwaka 2012 ikazaliwa upya kwa jina la Liaoning.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la juu ni fupi. Urusi ilirithi meli moja lakini haikurithi kiwanda, na mafundi waliojua kazi hiyo ama wamekufa ama wamezeeka kama mimi.

#5 Hesabu_Kwanza

Mzee, shikamoo. Maelezo yako ni matamu kusoma, lakini hoja ya kiwanda haitoshi. Meli iliyokuwa ikiitwa Baku, baadaye Admiral Gorshkov, ilifanyiwa ukarabati mkubwa katika kiwanda cha Sevmash huko Severodvinsk, ndani ya Urusi yenyewe, hadi ikakabidhiwa India Novemba 2013 kwa jina la Vikramaditya ikiwa na sitaha mpya na mwinuko wa mbele wa kurukia ndege. Ilichelewa miaka, na bei ikapanda hadi zaidi ya dola bilioni 2, lakini ilitoka.

Naona tatizo liko kwenye mpangilio wa vipaumbele. Kiwanda hicho hicho cha Sevmash ndicho kinachojenga nyambizi za nyuklia za Borei na Yasen. Ukiwa na kiwanda kimoja, wahandisi wale wale na fedha zile zile, utaweka nini mbele: nyambizi inayobeba makombora 16 ya masafa ya mabara, au meli inayohitaji kusindikizwa na kundi zima la manowari ili isizame? Moscow imekwisha kulijibu swali hilo kwa vitendo tangu miaka ya 1990, hata kama hotuba zinasema vingine.

#6 Mzee_wa_Mykolaiv

Marahaba, Hesabu. Lakini kukarabati meli iliyojengwa na wengine si sawa na kuijenga kutoka chini. Uliza pia kazi hiyo ilichukua muda gani na Wahindi walilalamika kiasi gani.

#7 Ramani_na_Dira

Hakuna aliyegusa jiografia bado, na mimi naona ndiyo mzizi.

Angalieni ramani. Wanamaji wa Urusi wamegawanyika katika Bahari ya Barents, Baltiki, Bahari Nyeusi na Pasifiki, na hakuna hata kundi moja linaloweza kulifikia jingine kwa haraka bila kupita mlango ulio karibu na nchi nyingine. Marekani inajenga meli za kubeba ndege kwa sababu vita vyake vyote viko ng'ambo ya bahari. Wasovieti walikuwa na haja tofauti: walitaka kuzilinda nyambizi zao za makombora karibu na nyumbani, katika Barents na Okhotsk, ili ndege na nyambizi za adui zisizikaribie. Hiyo ndiyo sababu Kuznetsov ilipewa makombora 12 makubwa ya Granit chini ya sitaha, kitu ambacho Mmarekani angekiona cha ajabu, na ndege zake zikawa za ulinzi wa anga zaidi kuliko za mashambulizi.

Ikiwa kazi yenyewe ni kulinda maji ya karibu, basi ndege zinazoruka kutoka viwanja vya Severomorsk na Kamchatka zinaweza kuifanya kwa gharama ndogo zaidi, na wala huhitaji meli.

#8 Kasuku_wa_Tanga

Samahani kwa kuingilia wataalamu. Nimesikia kwamba Warusi waliiita meli hiyo "meli nzito ya kivita yenye ndege" kwa sababu ya hayo makombora tu. Ni kweli?

#9 Ramani_na_Dira

Mkuu Kasuku, makombora ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni Mkataba wa Montreux wa mwaka 1936 unaosimamia milango ya Uturuki. Chini ya mkataba huo nchi za Bahari Nyeusi zinaruhusiwa kupitisha manowari kubwa, lakini meli za kubeba ndege haziingii katika fungu hilo. Kwa kuwa kiwanda kilikuwa Nikolaev, meli isiyoweza kupita Bosphorus ingebaki ziwani milele. Uturuki haikutia mgogoro, na Desemba 1991, wiki chache kabla Umoja wa Kisovieti haujavunjwa rasmi, Kuznetsov ilipita na kwenda Kaskazini. Ingechelewa kidogo, tungekuwa tunaijadili kama meli ya Ukraine.

#10 Bi_Rukia

Hapo ndipo wanapoingia marubani, ambao katika uzi huu wamesahaulika kana kwamba ndege zinajirusha zenyewe.

Tarehe 1 Novemba 1989 Viktor Pugachev alitua kwa Su-27K juu ya sitaha hiyo, na siku hiyo hiyo Toktar Aubakirov akatua kwa MiG-29K na kisha kuruka nayo tena. Mafunzo yote yalikuwa yakifanyika Saky, Crimea, kwenye uwanja wenye mwinuko na kebo za kuigiza sitaha. Umoja ulipovunjika, uwanja huo ukawa wa Ukraine. Timur Apakidze na marubani kadhaa walikataa kula kiapo kipya, wakahamia Severomorsk na familia zao, na kwa miaka mingi Urusi ililazimika kuilipa Ukraine kodi ili marubani wake wapate pa kujifunzia. Apakidze mwenyewe alifariki Julai 2001 alipoanguka na Su-33 katika maonyesho ya anga.

Rubani wa sitahani hatengenezwi kwa kitabu. Asipotua kwa miezi kadhaa, anarudi nyuma, na asipotua kwa miaka inabidi aanze upya. Meli imekaa bila kusafiri tangu 2017. Hata ingetengenezwa kesho, nani angetua juu yake? Kwangu mimi hapo ndipo penye pengo, kwa sababu fedha huweza kupatikana na chuma huweza kununuliwa, ila kizazi cha walimu wa marubani hakiagizwi kutoka popote.

#11 Hesabu_Kwanza

Bi Rukia, China haikuwa na hata rubani mmoja wa sitahani mwaka 2010. Ilinunua kutoka Ukraine mfano mmoja wa ndege ya majaribio ya familia ya Su-33, ikatengeneza J-15 kwa kuufuata, na leo ina meli tatu, ya tatu, Fujian, ikiwa imeingia kazini Novemba 2025 na mitambo ya kurushia ndege kwa nguvu ya sumaku-umeme. Penye fedha na nia, walimu hupatikana.

#12 Bi_Rukia

Penye fedha, nia na miaka 15 ya kuruka kila wiki. Usiliruke hilo la tatu.

#13 Mfanyabiashara_Guangzhou

Mmenikumbusha. Sisi tunaofuata mizigo Guangzhou tulikuwa tukipata siku ya mapumziko tunakwenda Shenzhen, na pale palikuwa na hiyo Minsk mnayoitaja, imegeuzwa uwanja wa burudani. Unalipa kiingilio, unapanda sitahani, unapiga picha na helikopta. Watoto wanakimbia mahali ambapo Yak-38 zilikuwa zikitua wima. Baadaye ilihamishwa kutoka Shenzhen, na mwaka 2024 ikaungua moto ikiwa Nantong. Mwenzake Kiev yuko Tianjin, nasikia wamejenga hoteli ndani yake.

#14 Kasuku_wa_Tanga

Mkuu, kwa hiyo wewe ndiye mwanajukwaa pekee aliyewahi kusimama juu ya sitaha ya Kisovieti, na ulikuwa umevaa kandambili.

#15 Fundi_Boila

Tukirudi kwenye mada, mfululizo wa mikosi ya Murmansk nao usisahauliwe. Oktoba 2018 chelezo kikubwa kinachoelea cha PD-50, kilichojengwa Uswidi, kilizama wakati Kuznetsov ikiwa ndani yake, na kreni ikaanguka juu ya sitaha. Desemba 2019 moto ulizuka ndani ya meli wakati wa uchomeleaji, watu 2 wakafa na wengine wengi wakajeruhiwa. Chelezo kile hakikuwa na mbadala katika ukanda wa Kaskazini, ikabidi vyelezo viwili vya nchi kavu viunganishwe kuwa kimoja ndipo meli iingie, mwaka 2022. Nani kati yenu angeendelea kulipia gari ambalo kila likipelekwa gereji, gereji ndiyo inayobomoka?

#16 Droni_Ndizo_Mpya

Salaam. Nimesoma posti zote na nashangaa mnabishana kuhusu 1982. Tazameni Bahari Nyeusi. Aprili 2022 Moskva, meli kinara ya Urusi yenye makombora ya kujilinda, ilizamishwa kwa makombora yaliyorushwa kutoka nchi kavu na nchi isiyokuwa na manowari kubwa hata moja. Baada ya hapo boti zisizo na watu zikaanza kuwinda meli moja moja, na Mei 2025 Ukraine ikatangaza kwamba boti hizo zimedungua ndege za Su-30 karibu na Novorossiysk. Admirali Sergei Avakyants, aliyewahi kuongoza wanamaji wa Pasifiki, alisema wazi mwaka 2025 kwamba meli za kubeba ndege ni silaha ya zama zilizopita na kwamba mustakabali ni roboti na ndege zisizo na rubani. Kwangu mimi mjadala umefungwa.

#17 Ramani_na_Dira

Haujafungwa, mkuu. Moskva haikuwa meli ya kubeba ndege, na baadhi ya wachambuzi wanasema ilizama kwa sababu hakukuwa na ndege juu yake za kuona kombora likija kutoka mbali. Wamarekani wana ndege ya rada inayoruka kutoka sitahani. Wasovieti walikuwa wakiiandaa Yak-44 kwa kazi hiyo, ikafutwa mapema miaka ya 1990, na Kuznetsov ikabaki na helikopta ya rada ambayo haipandi juu wala kukaa angani muda mrefu. Tena mwinuko wa mbele, usio na mtambo wa kurushia, unailazimisha ndege kupunguza mafuta au silaha ili iruke. Kwa hiyo kile kilichoshindwa Urusi ni aina moja ya meli, iliyonyimwa viungo muhimu. India imezindua Vikrant mwaka 2022, na Uturuki inarusha droni za TB3 kutoka Anadolu. Kama zama zimepita, hawa hawajaambiwa?

#18 Droni_Ndizo_Mpya

Hiyo Anadolu uliyoitaja inabeba droni, mkuu. Umenisaidia kujenga hoja yangu, nakushukuru.

#19 Mwana_wa_Pwani

Mjadala umekuwa mpana kuliko nilivyotarajia. Naomba kuongeza swali: vipi ile michoro ya meli mpya? Nakumbuka Shtorm, ya tani karibu 100,000, ikionyeshwa mwaka 2015, kisha ikaja Lamantin, kisha Varan. Hata mwongozo wa sera ya bahari uliotiwa saini na Putin Julai 2022 unataja uwezo wa kujenga meli za kisasa za kubeba ndege.

#20 Hesabu_Kwanza

Zote ni vielelezo vya mezani vya kwenye maonyesho, na mpaka leo hakuna hata moja iliyowekewa msingi kiwandani. Kitu pekee kilichoanza kujengwa kweli ni meli mbili za kubeba helikopta, Ivan Rogov na Mitrofan Moskalenko, zilizowekewa msingi Kerch, Crimea, Julai 2020. Hizo zilitokana na uchungu wa Mistral: Urusi iliagiza meli mbili kutoka Ufaransa mwaka 2011, Ufaransa ikakataa kuzikabidhi baada ya Crimea kutwaliwa, na zikaishia kwa Misri. Sasa Kerch nayo imekuwa ndani ya masafa ya makombora ya Ukraine. Ukitaka kujua mustakabali, usitazame Shtorm, tazama kama hizo mbili zitatoka.

#21 Zuberi_wa_Anga

Mimi napinga jinsi swali lenyewe lilivyowekwa. Ndege za wanamaji wa Urusi si zile za sitahani tu, na sehemu kubwa haijawahi kuona sitaha. Kuna Tu-142 na Il-38N za kusaka nyambizi, kuna Su-30SM za Saky, kuna helikopta za Ka-27. Pigo kubwa zaidi kwa ndege za wanamaji lilikuja mwaka 2011, pale ndege za Tu-22M3, zilizokuwa zimeandaliwa kuwinda makundi ya meli za Marekani, zilipohamishiwa jeshi la anga, na hakuna aliyeandika tanzia yake. Agosti 2022 uwanja wa Saky ukalipuliwa na ndege nyingi za wanamaji zikateketea chini. Wakati ninyi mnaililia meli moja, kikosi chenyewe kinapungua nchi kavu.

#22 Mombasa_Raha

Hapa kwetu wazee wanakumbuka manowari za Marekani zikija Kilindini, hasa baada ya makubaliano ya 1980, na mji ukajaa mabaharia. Za Kirusi tulizisikia upande wa Aden na Berbera tu. Je, meli ikifa, ile ndoto ya Urusi ya kuwa na kituo cha wanamaji Port Sudan nayo inakufa?

#23 Ramani_na_Dira

Hapana, mkuu. Makubaliano yaliyotangazwa mwaka 2020 yalizungumzia kituo cha manowari zisizozidi nne kwa wakati mmoja, zikiwemo za nyuklia. Kilichokwamisha ni mabadiliko ya utawala na vita vya Sudan.

#24 Mzee_wa_Mykolaiv

Zuberi amesema jambo la maana. Ila vijana msiizike meli haraka hivyo. Admiral Nakhimov, manowari kubwa ya makombora, ililala gatini tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kila mwaka tukiambiwa imekufa, na Agosti 2025 ikatoka Severodvinsk kwenda majaribio baharini.

#25 Fundi_Boila

Mzee, kwa heshima zote, Nakhimov ni ya nyuklia. Nionyeshe yenye boila 8 za mafuta mazito iliyorudi baada ya muda huo, nami nitakuja Dar kukununulia chai.

#26 Mzee_wa_Mykolaiv

Vikramaditya nayo ilikuwa na boila 8, na zote zikabadilishwa. Andaa nauli.

#27 Fundi_Boila

Hizo boila mpya ziliharibika kwenye majaribio ya mwaka 2012, meli ikarudishwa kiwandani mwaka mzima. Chai itasubiri kidogo.